Saa ya mkononi na siri ya kambi

Miongoni mwa zawadi ambazo askari hupenda kurudi nazo nyumbani kutoka safari za kikazi, saa ya mkononi ina heshima yake tangu zamani. Saa ya baba ilionyesha saa na dakika, ilitiwa ufunguo kila asubuhi, na iliposimama ilipelekwa kwa fundi. Saa inayoletwa siku hizi ni kitu kingine. Huhesabu hatua, hupima mapigo ya moyo, huandika muda wa usingizi, hujua mahali alipo mvaaji wake. Habari hizo zote huzikabidhi kwa simu ya mkononi, nayo simu huzipeleka mbali zaidi, mpaka kwenye kompyuta kubwa za kampuni iliyoiunda. Mvaaji hahisi lolote. Hapo ndipo jambo hili linapowahusu askari, polisi na jamii zao kuliko wanavyohusika watu wengine.

Wazee walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo haikukusudiwa kumtia mtu hofu ya nguo zake. Humkumbusha tu kuzikung'uta kabla ya kuzivaa.

KAZI YA KIFAA HIKI

Nyuma ya saa hizo kuna vitaa vidogo vya kijani. Damu hunyonya mwanga wa rangi hiyo. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka katika mishipa ya kifundo cha mkono, na mwanga unaorudi hupungua. Kwa kumulika ngozi mamia ya mara katika kila sekunde, saa hupata hesabu ya mapigo. Fani yenyewe haikuanza jana: mwaka 1982 kampuni ya Polar ya nchini Finland ilitoa kipimo cha mapigo ya moyo cha kuvaliwa, kisichokuwa na waya, kwa ajili ya wanamichezo.

Kuhusu mahali, watu wengi hudhani kwamba setilaiti zilizoko angani humtazama mvaaji na kumfuata. Sivyo. Setilaiti za Marekani za kuonyesha mahali, ambazo huizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, hutangaza wakati na mahali zilipo zenyewe, kama redio itangazavyo majira. Saa ya mkononi husikiliza setilaiti nne au zaidi, hulinganisha muda ambao kila wimbi limetumia kufika, kisha hujipigia yenyewe hesabu ya mahali ilipo. Setilaiti haijui ni nani aliyesikiliza. Kwa hiyo hatari haiko juu angani. Iko katika hatua inayofuata, pale saa inapoiandika njia yote aliyopita mvaaji na kuituma kwa wengine.

Wala isidhaniwe kwamba vifaa hivi havina faida. Septemba 2018 kampuni ya Apple ilionyesha saa iwezayo kuchora mwendo wa umeme wa moyo, na pia kutambua kwamba mvaaji wake ameanguka. Katika uchunguzi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Stanford kwa gharama za kampuni hiyo, na matokeo yake kuchapishwa Novemba 2019, watu 419,297 walivaa saa za kampuni hiyo. Asilimia 0.52 yao walipata onyo kwamba mapigo yao hayakuwa sawa. Wale waliokubali kubandikwa kipimo cha kitabibu kifuani na kukirudisha, asilimia 34 kati yao walionekana kuwa na ugonjwa wa vyumba vya juu vya moyo kupiga bila mpango, ugonjwa ambao huweza kuleta kiharusi. Hesabu hiyo hufundisha mambo mawili kwa pamoja. Saa yaweza kumtuma mtu hospitali mapema. Lakini saa si daktari, kwa kuwa wengi walioonywa hawakuonekana na ugonjwa huo walipopimwa baadaye.

RAMANI ILIYONG'AA

Kampuni ya Strava ya San Francisco, iliyoanzishwa mwaka 2009, huwawezesha wakimbiaji na waendesha baiskeli kuandika njia zao na kuonyeshana. Novemba 2017 kampuni hiyo ilitoa ramani ya dunia nzima iliyochorwa kwa hatua za wateja wake. Mazoezi yapatayo bilioni 1 yalitiwa ndani yake, nayo yalikuwa na alama za mahali zipatazo trilioni 3. Majina ya watu hayakuwamo. Njia iliyopitwa na watu wengi iling'aa zaidi, na isiyopitwa ilibaki nyeusi. Miji ya Ulaya na Marekani iling'aa kama moto wa nyika usiku. Wengi waliisifu ramani hiyo kwa uzuri wake.

Januari 2018 mwanafunzi wa Australia aitwaye Nathan Ruser, mwenye umri wa miaka 20, aliitazama kwa jicho la mtu anayefuatilia habari za vita. Hakushughulika na mahali palipong'aa sana. Alitazama penye giza. Huko Syria na Afghanistan, ambako raia wengi hawakuwa na saa hizo, aliona visiwa vidogo vya mwanga katikati ya jangwa. Vilikuwa na umbo la mstatili na kona zilizonyooka. Ilikuwa ni mizunguko ya askari wa nchi za nje waliokuwa wakikimbia asubuhi kando ya uzio wa kambi zao. Kutoka katika baadhi ya visiwa hivyo zilitoka nyuzi za mwanga, yaani njia ambazo askari walizoea kupita. Baada ya Ruser kueleza alichokiona, watu wengine walianza kutafuta, na mianga ya namna hiyo ikaonekana Djibouti, Niger na Somalia.

Somalia si mbali. Wakati huo askari wa Uganda, Burundi, Kenya, Ethiopia na Djibouti walikuwa huko chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Saa ya askari mmoja wa taifa lolote huweza kuonyesha kambi ya wote. Asiyevaa saa hulala katika hema lile lile analolala anayeivaa.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba hapakuwa na jasusi aliyepenya uzio, wala msaliti aliyeuza siri. Kila askari alifanya lile ambalo mkuu wake humtaka alifanye, yaani kukimbia na kuutunza mwili wake. Wizara ya Ulinzi ya Marekani yenyewe ilikuwa imewagawia askari wake vifaa 2,500 vya Fitbit mwaka 2013, katika jaribio la kupunguza unene. Tena kampuni ya Strava ilipoulizwa ilijibu kwamba mazoezi ya wale waliochagua kuyaficha hayakutiwa katika ramani. Mlango wa kujificha ulikuwapo; wengi hawakuufunga, na huenda wengine hawakujua kwamba upo.

Katika maisha ya jeshi, siri hufikiriwa kuwa ni waraka uliotiwa muhuri, au neno la kupitia lindoni. Ramani ile ilionyesha siri ya namna nyingine. Mzunguko mmoja wa mkimbiaji mmoja haukusema kitu. Mizunguko ya watu mia kwa miaka miwili ilisema pale kambi ilipo, ukubwa wake, lango lake na mahali ambapo watu hukusanyika.

Agosti 2018 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa amri kwamba katika maeneo ya operesheni askari na watumishi wake wasitumie sehemu za kuonyesha mahali katika saa, simu na programu zao. Saa zenyewe hazikukatazwa. Kilichozimwa ni ulimi wake.

KUTOKA KAMBINI MPAKA MLANGONI

Kabla amri hiyo haijatolewa, jambo jingine lilikuwa limegunduliwa, nalo liligusa nyumba za askari hasa. Julai 2018 waandishi wa De Correspondent la Uholanzi, wakishirikiana na wachunguzi wa Bellingcat, walionyesha kwamba ramani ya mazoezi ya kampuni ya Polar ilimwezesha mtu yeyote kuchagua kambi, kumwona aliyefanya mazoezi ndani yake, kisha kuyaona mazoezi yake mengine yote kwa miaka iliyopita. Mazoezi hayo mengine aghalabu yalianza na kumalizika mahali pamoja. Mahali hapo palikuwa nyumbani kwake. Kwa njia hiyo wachunguzi waliwapata watu zaidi ya 6,000 wa mataifa 69, wakiwamo askari na watumishi wa idara za usalama. Kampuni iliifunga ramani hiyo mara moja.

Msomaji aliye mke wa askari na asimame hapo kidogo. Adui ambaye hawezi kuukaribia uzio wa kambi, wenye walinzi na taa, alionyeshwa mlango usiokuwa na mlinzi, ambao watoto huuacha wazi wanapotoka kwenda shule.

Mambo haya hayakumalizika mwaka 2018. Julai 2023, katika mji wa Krasnodar nchini Urusi, aliyepata kuwa kamanda wa manowari alipigwa risasi na kufa akiwa katika mbio zake za asubuhi. Magazeti yaliandika kwamba alikuwa na desturi ya kuzitangaza njia zake katika Strava, na kwamba huenda muuaji alizifuata. Oktoba 2024 gazeti la Le Monde la Ufaransa lilionyesha kwamba baadhi ya walinzi wa marais wa Ufaransa, Marekani na Urusi walikuwa wakiandika mbio zao hadharani, hata hoteli walizofikia wakuu hao zikaweza kujulikana. Walinzi hao ni watu waliofunzwa kutilia shaka kila dirisha na kila kifurushi. Kilichowashinda ni mazoea.

NYUMBA YENYE MASIKIO

Saa ni sehemu moja tu ya jamii kubwa ya vifaa vinavyoungana na intaneti. Tangu mwaka 2014, kampuni ya Amazon ilipoanza kuuza kipaza sauti cha Echo kinachosikiliza amri na kuitikia, nyumba za matajiri wa nchi za nje zimejaa taa, kufuli, kengele za mlango na kamera zinazotawaliwa kwa simu. Oktoba 2022 makampuni makubwa, yakiwamo Apple, Google, Amazon na Samsung, yalikubaliana juu ya lugha moja iitwayo Matter, ili taa ya kampuni moja iweze kutii amri ya kifaa cha nyingine.

Katika Afrika ya Mashariki kifaa cha namna hii kilikwisha ingia vijijini kabla ya vipaza sauti hivyo. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza nchini Kenya, na baadaye Uganda, mitambo ya umeme wa jua yenye laini ya simu ndani yake. Mwenye nyumba alilipa kidogo kidogo kila siku kwa simu, na asipolipa mtambo ulifungwa kutoka mbali. Familia nyingi zilipata taa kwa mpango huo, na watoto wakasoma usiku bila moshi wa koroboi. Kadhalika walijifunza mapema jambo ambalo wenye majumba makubwa walichelewa kulijua: kifaa kilichounganishwa kina mabwana wawili, mmoja yumo nyumbani na mwingine yuko mbali.

Wakati mwingine bwana wa mbali huugua. Oktoba 20, 2025 hitilafu iliyapata majengo ya kompyuta ya Amazon huko Marekani, na vitanda vya bei kubwa vya kampuni ya Eight Sleep vikaacha kuwatii wenyewe. Vingine vilizidi joto. Vingine vilikwama vimeinuka. Watu walikosa usingizi kwa sababu kitanda kilikuwa kikingoja amri kutoka mamia ya kilomita.

Wakati mwingine huja bwana wa tatu ambaye hakualikwa. Oktoba 21, 2016 mitandao mingi mikubwa, ikiwamo Twitter na Netflix, ilizimika kwa saa kadhaa, hasa Marekani. Silaha iliyotumika ilikuwa ni maelfu kwa maelfu ya kamera na mashine za nyumbani zilizotekwa na programu iitwayo Mirai. Programu hiyo haikuwa na werevu mkubwa. Ilibisha hodi kwa kila kifaa ikijaribu maneno ya siri yapatayo 60, yale yale ambayo viwanda huyatia na wanunuzi huyaacha. Vijana watatu wa Kimarekani walikiri mahakamani Desemba 2017 kwamba ndio walioitunga. Mwaka huo huo wa 2016 Mwingereza mmoja alikodiwa kuishambulia kampuni ya simu ya Liberia kwa jeshi la vifaa kama hivyo, na wananchi wengi wa huko wakakosa intaneti. Alihukumiwa Januari 2019 kifungo cha miaka miwili na miezi minane. Uingereza sasa ina sheria, iliyoanza kutumika Aprili 29, 2024, inayokataza kuuza vifaa vya nyumbani vyenye maneno ya siri mepesi ya kiwandani.

Hata mtoto huvishwa. Novemba 2017 serikali ya Ujerumani ilipiga marufuku saa za watoto zilizomwezesha mzazi kusikiliza kwa siri mazungumzo yaliyo karibu na mtoto, ikizihesabu kuwa vyombo vya ujasusi. Wazazi walikuwa wakizitumia hata kuwasikiliza walimu darasani. Na askari polisi wanapaswa kuvijua vidude vidogo vya kutafutia funguo na mizigo, kama AirTag ya mwaka 2021. Mtu mwovu akikificha kimoja katika mkoba au gari la mwanamke, hujua kila anakokwenda. Tangu Mei 2024 simu nyingi za aina ya Apple na za Android humwonya mtu anapofuatwa na kidude asichokijua. Mwanamke anayefika kituoni na malalamiko ya namna hiyo asirudishwe nyumbani kwa kicheko.

YA KUFANYWA NYUMBANI

Kwanza, amri ya kamanda kuhusu saa na simu hutangulia maelezo yote ya dukani. Aendaye doria, lindoni au kwenye operesheni na aulize mapema. Asiyepata jibu, na aiache saa nyumbani.

Pili, programu ya mazoezi ifunguliwe na kutazamwa sehemu ya faragha. Mazoezi yote yawe ya mwenyewe tu, na yaliyokwisha tangazwa zamani yafutwe. Kumbukumbu ya miaka mitatu iliyopita huonyesha nyumba ile ile ya leo.

Tatu, mwenye kupenda kuandika mbio zake asianzie kuandika mlangoni wala kumalizia hapo. Na apite njia tofauti.

Nne, kila kamera, taa au kifaa kinachoingia nyumbani kibadilishwe neno la siri siku hiyo hiyo, kabla ya chai. Kilichonunuliwa kwa mtu kifutwe kabisa kwanza, na kinachouzwa kifutwe kabla ya kutoka.

Tano, kamera isiwekwe chumbani, wala isielekezwe kwenye lango la kambi, ghala la silaha au maegesho ya magari ya kikosi. Picha iliyokusudiwa kumnasa mwizi wa kuku yaweza kuhesabu magari yanayotoka usiku.

Sita, watoto wafundishwe, kwa maneno mepesi na bila vitisho, kwamba mahali alipo baba au mama mwenye sare si habari ya kuonyeshwa wenzao katika simu.

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu kuliko yote sita. Mke aliyeachwa kota, ambaye mumewe yuko safarini katika nchi yenye vita, hutamani kujua kama yu hai. Kifaa kinamwahidi kumwonyesha nukta ndogo katika ramani, mchana na usiku. Si vigumu kuyafikiri mazungumzo ya jioni ya mwisho kabla ya safari, sanduku likiwa limekwisha fungwa.

"Baba Neema, iwashe tu hiyo saa. Nikiona nukta inatembea nitalala."

"Mama Neema, nukta utakayoiona wewe, na mwingine aweza kuiona. Mimi siko peke yangu kule."

"Basi nitajuaje?"

"Utajua kama mama alivyokuwa akijua. Nitapiga simu siku watakayoturuhusu. Siku wasiyoturuhusu, ujue wenzangu wako pamoja nami."

Jibu hilo haliondoi hofu ya mke, wala hakuna kifaa kiwezacho kuiondoa. Lakini asubuhi ya safari saa ile hubaki juu ya kabati, imezimwa, na kazi yake ya kwanza baada ya miezi mingi ni kuhesabu hatua za mwenyewe kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni, akiwa salama. Hata siku hiyo, na aiandike njia hiyo kwa ajili yake tu. Tahadhari kabla ya hatari.